Limetoka jina gani?

SWALI: Asalaam aleykum Shangazi. Mimi ni mwanamke wa Wete, Pemba, mtalaka, nina watoto wawili. Nauza udi na mafuta ya karafuu kwa WhatsApp, na namba yangu naiweka wazi ili wateja wanipate. Mwezi uliopita alinipigia mwanamme nisiyemjua, saa nne usiku. Aliniita kwa majina yangu matatu, akaniambia anajua nimeachwa na anajua nakaa upande gani wa mji. Nilikata simu huku mikono inanitetemeka. Siku ya pili jirani akanionesha programu ya kutambua wapigaji iliyomo kwenye simu yake. Tulipotia namba yangu, jina langu la kwanza likatoka mara tatu: moja limefuatiwa na "Udi", jengine "Mtalaka Wete", jengine "Deni". Mimi programu hiyo sijawahi kuipakua. Kaka yangu anataka tulipe dola kwa mtandao mmoja wa Marekani unaodai kumtoa mwenye namba yoyote duniani, ili tumjue huyo mtu. Mama anasema niivunje laini. Nifanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam, mwanangu. Pole sana. Watoto wamelala, usiku umeingia, sauti usiyoijua inakutajia mpaka jina la babu yako. Asikwambie mtu kwamba unalikuza jambo.

Nianze na hilo jina la babu, maana programu ya jirani yako haikuwa nalo. Rudi uisome barua yako mwenyewe: mule mlitoka jina lako la kwanza na sifa ulizopachikwa. Hayo majina yako matatu, lako, la baba na la babu, aliyapata kwengine, na mimi nadhani napajua.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka tisa kwenye meza ya wakala wa pesa za simu, hapa Mjini Unguja, karibu na Darajani. Siku moja alikuja kijana mtanashati, kanzu imepigwa pasi, akanipa kikaratasi chenye namba. "Nitumie elfu moja hapa." Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi, na kama kawaida, kabla ya kutia namba ya siri likaja jina la mwenye laini ili nihakikishe. "Limetoka jina gani?" akaniuliza. Nikamsomea, yote matatu, kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiwasomea watu kutwa nzima. Akasema, "Basi usitume, nimekosea namba," akachukua elfu yake na kikaratasi chake akaenda zake. Wala sikulifikiria.

Baada ya wiki mbili alikuja mzee mmoja. Yule kijana alikuwa amefika mpaka barazani kwake kumuulizia binti yake, na akajitapa kwamba jina kalipata kwa wakala wa Darajani. Binti alighasiwa kwenye daladala mpaka akatoa namba ili aachwe, lakini jina alilificha makusudi. Nikalitoa mimi. Mzee hakunigombeza. Alinambia tu, "Angelikuwa wako, je?" Kile kikaratasi nakiona hadi leo: namba imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na sifuri ya mwisho imerejewa mara mbili.

Kuonesha jina kabla ya kutuma kuliwekwa kwa nia njema, pesa isiende siko. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, jina linalotoka ndilo la kwenye kitambulisho: lako, la baba, la babu. Sasa fikiria Pemba. Mtu akishika majina hayo matatu hahitaji mtandao wowote. Atakaa barazani, ataagiza kahawa, atauliza, na kikombe hakijesha atajibiwa: "Huyo si mjukuu wa fulani, wa kule Jadida?" Wenzetu wa nchi kubwa jina na anwani kwao ni vitu viwili, na cha pili hununuliwa. Kwetu sisi jina ndiyo anwani. Ndiyo maana nasema hatari hii kwetu ni kubwa zaidi, ingawa hizo kampuni zenyewe ziko mbali.

Kwa hiyo la kwanza, mwanangu, tenganisha namba. Namba ya biashara, ile unayoibandika kila pahala, iwe ni laini ambayo hukuisajili kwenye huduma ya pesa. Malipo yapokee kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili mteja akilipa aone jina la duka. Ile yenye majina yako matatu ibaki kwa ndugu na skuli ya watoto.

Sasa hizo sifa. Programu za aina hii, kama Truecaller ya Sweden iliyoanza mwaka 2009, na Getcontact inayojulikana hasa kwa kuonesha hizo sifa, hutegemea sana wanachojua watumiaji wake kuhusu watu wengine. Mtu akiiruhusu programu isome namba alizozihifadhi, jina alilokuandikia wewe linaweza kwenda pamoja nazo. Wewe hukuulizwa wala hukupakua chochote. Aliyeandika "Mtalaka Wete" ni mtu unayemjua. Huenda ana rafiki wawili wa jina moja na alitaka asiwachanganye. Wa "Deni" huenda ni mwenye duka aliyekukopesha mzigo, ukamlipa, na neno likabaki palepale. Sidhani kama kuna aliyekukusudia ubaya, na hilo ndilo linaloniuma: siri ya mtu imetoka bila ya hata mmoja kukaa akasengenya.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilifungua simu yangu, nikapitia namba zote. Nilikuta mama mmoja nimemuandika jina lake na neno "figo", kwa kuwa tulikuwa tukimchangia matibabu. Nimelifuta usiku uleule. Waombe na wenzako wafute, mmoja mmoja, kwa upole.

Kwenye programu zenyewe, njia ya kutoka ipo na haina malipo. Truecaller ina ukurasa kwenye tovuti yake wa kuiondoa namba. Utaandika namba yako ikianza na +255. Aliyewahi kujisajili humo lazima kwanza aifunge akaunti yake ndani ya programu. Getcontact nayo ina sehemu kwenye tovuti yake ya kuifanya namba isionekane, baada ya kuthibitisha kwamba ni yako. Usiipakue programu kwa ajili ya kujitoa, na usimpe pesa mtu anayekwambia ana rafiki ndani ya kampuni.

WhatsApp vilevile: ingia kwenye mipangilio ya faragha, picha yako na taarifa zako zionekane na waliomo kwenye orodha yako tu, na kwa biashara weka picha ya udi badala ya sura yako. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walionesha kwamba waliweza kupima namba moja baada ya nyengine hadi kuzibaini akaunti bilioni 3.5 za WhatsApp, na zaidi ya nusu zilikuwa na picha ambayo yeyote angeiona. Ufa huo umeshazibwa, lakini picha uliyoiacha wazi bado iko wazi kwa kila mwenye namba yako.

Kuhusu kaka yako. Namuelewa, ana uchungu wa dada yake. Lakini mitandao hiyo ya Marekani, akina Spokeo, Whitepages na BeenVerified, hukusanya kumbukumbu za huko kwao: nani anamiliki nyumba ipi, nani ana kesi, namba za zamani, kurasa za mitandao ya kijamii. Wete haimo. Atakachofanya ni kuwaachia namba ya kadi yake ya benki, na huenda ikawa inakatwa kila mwezi.

Na hata pale inapofaulu kazi hiyo, tazama ilivyofaulu. Mwaka 1999, katika mji wa Nashua, jimbo la New Hampshire, kijana mmoja aliyemganda msichana aliyesoma naye zamani aliilipa kampuni ya mtandaoni imtafutie taarifa zake. Kampuni ikampata msichana kwa simu ya uongo, mpigaji akijifanya mtu mwengine, mpaka ikapatikana anwani ya anapofanya kazi. Kijana akamvizia nje ya kazini akampiga risasi, akafa. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo hilo ilisema anayeuza taarifa za mtu ana wajibu wa kujali madhara yanayoweza kumfika mtu huyo. Nikiisoma kesi ile hukumbuka kikaratasi changu. Mimi sikulipwa hata senti, lakini nilifanya kazi ileile.

Huyo anayekupigia ana laini, na laini ile nayo imesajiliwa kwa alama za vidole. Jina lake lipo kwa kampuni ya simu, na wenye haki ya kulidai ni Polisi. Andika tarehe, saa na alichosema, usifute kumbukumbu ya simu wala ujumbe, nenda kituoni pamoja na mama yako au kaka yako, muulizie Dawati la Jinsia. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na ukigundua wakala au mfanyakazi yeyote ndiye aliyetoa taarifa zako, tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya kupokea malalamiko ya namna hiyo.

Laini usiivunje. Sababu yake imo ndani ya barua inayofuata.

SWALI: Shangazi, nimenunua laini mpya hapa Makunduchi. Kila siku napigiwa na wanawake wanaomtaka mwanamke mmoja, na programu za simu zinanionesha kwa jina lake na neno "Mkunga". Nimeuziwa laini ya wizi?

JIBU: La, kaka. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huirejesha sokoni na kumuuzia mtu mwengine, lakini zile programu hazina habari. Kwa hivyo dada yetu wa Wete aone: akivunja laini leo, kesho kuna mtu ataitwa "Mtalaka", na meseji za biashara yake zitaingia kwa mgeni. Na kaka yake aone pia: jina linalotoka mule linaweza kuwa la mtu aliyeiacha namba zamani. Angekwenda kugonga mlango wa nani?

Wewe piga *106# uhakikishe ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji zenye namba za siri zikija kwa jina la yule mama, usizitumie wala usimsomee mtu.

Lakini anayemtafuta mkunga saa nane ya usiku huenda ana mgonjwa wa uchungu chumbani. Mmoja katika hao wanaokupigia bila shaka anamjua mkunga mwenyewe. Muombe amfikishie namba yako, naye akipiga, muulize kama anaridhia uwape watu namba yake mpya. Akiridhia, iandike kwenye karatasi uiweke karibu na kitanda.