Mama mkwe hajakuibia mume

"Shangazi, shikamoo. Ninaishi Mbagala, nina watoto wawili. Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda, akaingia kwenye unga, yaani heroini. Nimemvumilia sana. Kila asubuhi nilimwachia shilingi elfu tano chini ya redio ili asiuze vitu vya ndani. Nilimpeleka kwenye nyumba ya upataji nafuu, nikamtoa baada ya wiki mbili kwa kuwa tulikuwa na harusi ya mdogo wangu na watu wangeuliza aliko. Sasa mama yake amemchukua kwake Tandika, amemnyang'anya simu, na kila siku anampeleka Hospitali ya Temeke kunywa methadone, dawa ya kuachisha unga, ambayo majirani wananiambia ni unga wa serikali. Nikimdai mume wangu, naambiwa nisubiri. Mwambie amrudishe, la sivyo nidai talaka." Mwenye Uchungu, Mbagala.

Marahaba, mwanangu, na pole. Kulala nyumba moja na mtu aliyeshikwa na arosto ya kukosa unga, anayetapika, anayetetemeka na kulia kwamba mifupa inamuuma, halafu asubuhi ukawavishe watoto sare za shule kana kwamba hakuna lililotokea, ni mzigo ambao asiyewahi kuubeba hawezi kuupima. Pole hiyo inatosha, kwa maana barua yako ina mambo uliyoyaandika upesi ukitumaini kwamba nami nitayasoma upesi.

La kwanza ni ile fedha ya chini ya redio, ambayo umeitaja kama ushahidi wa uvumilivu wako. Mtu asiye na kazi, anayeikuta noti mahali palepale kila asubuhi, hana haja ya kuiuza redio, lakini pia hana haja ya kuacha kununua kete za unga. Wewe ndiye uliyekuwa ukimlipia. Nakubali kwamba hukufanya hivyo kwa ubaya. Ulinunua utulivu wa sebule yako, na utulivu huo ukaupata kwa siku moja moja, huku yeye akizama. Wahenga walikwishasema kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye.

La pili ni hiyo harusi. Mtu aliyekaa wiki mbili bila unga mwili wake umekwishapoteza uzoefu, na akirudia kipimo kilekile alichokuwa akikitumia zamani anaweza kuacha kupumua na kufa palepale. Ulimtoa kwenye uangalizi katika kipindi cha hatari kubwa, ukamvalisha suti, ukamketisha ukumbini ili picha ya familia ikamilike. Nina hakika wageni walimwona akisinzia juu ya sahani, kichwa kikishuka taratibu na kuinuka kwa kushtuka, na kila mtu wa Mbagala anajua maana ya usingizi wa namna hiyo. Kwa hiyo hata siri yenyewe hukuilinda.

Hapa niseme neno kwa wengine pia, maana huyu si peke yake. Ndoa za siku hizi mjini hapa huanza na vikao vya michango, kamati, sare na kichen pati ambamo bibi harusi hufundishwa namna ya kumpamba mume na kumpikia, wala hakuna somo hata moja linalomwandaa kwa siku ambayo mume huyo ataugua ugonjwa wa aibu. Tunafundishana kusitiriana, na kusitiriana ni jambo jema, lakini tumelichanganya na kuficha, na mficha maradhi kilio humuumbua.

Sasa mtazame mama mkwe wako, ambaye umemwandika kama mwizi. Mwanamke mzima anaamka alfajiri, anatembea na mwanawe mtu mzima kutoka Tandika hadi Temeke mbele ya majirani waliomjua tangu utoto, wanapanga foleni pamoja na mateja wengine, kisha anasimama pembeni mpaka muuguzi ahakikishe kwamba kijana amemeza. Aibu uliyoikimbia wewe, yeye ameibeba hadharani kila siku. Ile simu aliyoichukua ndiyo yenye namba za wauzaji. Katika jambo hili niko upande wake, na badala ya kumdai mume, ungempelekea ile elfu tano ya kila siku, kwa sababu sasa anamlisha yeye.

Kuhusu "unga wa serikali", waambie majirani wako kwamba methadone ni dawa ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na kwamba hapa kwetu huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na baadaye Temeke. Unga humshika mtu kwa saa chache kisha humrudisha mtaani kutafuta kete nyingine. Methadone, ikipimwa vizuri, humtuliza kwa siku nzima bila kumlewesha, akaweza kula, kulala na kufikiri kazi. Hainywewi wiki mbili. Wengine huinywa kwa miaka, na akikosa siku kadhaa mfululizo hulazimika kurudishwa kwenye kipimo cha chini, jambo ambalo ndilo hasa litakalotokea ukimrudisha Mbagala kwa haraka zako. Wewe mwenyewe nenda ukapime virusi vya Ukimwi na homa ya ini, hasa kama aliwahi kujidunga, kwani katika barua nzima hukujiuliza kuhusu afya yako.

Imebaki talaka. Anayedai arudishiwe mume, na katika sentensi hiyohiyo akatishia kumwacha, hataki talaka. Anataka kumshinda mama mkwe. Kama umechoka kweli, una haki yako, wala sitakulaumu, kwa kuwa wapo wanawake waliofanya kila kitu wakaondoka wakiwa salama na watoto wao. Lakini fahamu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 itakupeleka kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mahakama, na huko utaulizwa habari za redio na harusi, pengine mama mkwe akiwa ameketi mbele yako.