Bunduki ya paintball inavuja, inajifyatua: fundi anajibu

SWALI: Fundi asalaam aleikum. Sisi ni vijana wa Malindi huku Casuarina, tunachezesha wageni paintball, ule mchezo wa kupigana vipira vya rangi, kwenye shamba la mikorosho. Bunduki zetu ni Tippmann 98, sita, tumenunua mitumba, na tatu zinasumbua. Moja ukifunga mtungi wa gesi ya CO2 inalia fsss palepale mtungi unapoingia, ya pili hewa inatokea mbele kwenye mtutu, ya tatu ukibonyeza triga mara moja inamwaga vipira vitatu vinne kama ina wazimu. Fundi mmoja wa pikipiki alitupulizia WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu, zikatulia siku mbili alafu zikazidi. Tufanyeje na wageni wa Disemba ndio hao wanakuja?

JIBU: Waaleikum salaam wadogo zangu. WD-40 wekeni mbali kabisa, ile inakula mpira, na ndani ya hiyo bunduki kinachozuia hewa ni mpira mtupu. Tumieni oili ya paintball au ile nyepesi ya mashine za hewa, matone matano sita pale mtungi unapoingia, mkoki (yaani mvute bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma ndani, mpaka ishike nyuma) mfyatue mara kadhaa bila vipira ili hewa yenyewe iisambaze mpaka ndani.

Kabla ya kufungua chochote toa hopa, kile chombo cha vipira kinachokaa juu, hakikisha hakuna kipira ndani, vaa barakoa ya macho, mtungi utoke na hewa iliyobaki uimalize kwa kufyatua kuelekea chini. Na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hili limeua watu: unapofungua mtungi angalia valvu ya shaba inazunguka PAMOJA na mtungi, ikibaki imesimama na mtungi peke yake unazunguka, acha hapohapo, maana unaichomoa valvu na mtungi utaruka kama roketi. Mimi mitungi yangu yote nimechora mstari wa rangi ya kucha kuanzia kwenye valvu kushuka kwenye mtungi, mstari ukikatika tu siugusi, naupeleka kwa mtu wa mitungi.

Sasa ya kwanza, hiyo fsss ni oringi ya mtungi, yaani ile pete ya mpira inayoziba hewa. Itoe uikunje taratibu juani, utaona mkato mdogo kama umekwaruzwa na ukucha, ama imevimba. Zile nyeusi za kawaida CO2 inaingia ndani yake zinavimba, nunueni za yurethini, na kila mchezaji awe na mbili tatu mfukoni, ni vitu vya bei ndogo sana kuharibu siku nzima.

Ya pili, kabla hamjalaumu sili, ule mpira wa kuziba ndani ya valvu, hebu niambieni, mnafunga mtungi bunduki ikiwa imekokiwa? Kama haijakokiwa bolti ya nyuma inalalia pini ya valvu inaiacha wazi, hewa yote inatoka mbele, na watu wanafungua bunduki nzima bure. Koki kwanza, ndio ufunge mtungi. Ikiendelea kuvuja basi ni sili ya valvu imekwisha ama ina mchanga, na mchanga wa Malindi nyinyi mnaujua unavyoingia kila mahali.

Ya tatu, jaribu mtungi uliojaa kwanza. Presha ikiwa ndogo bolti hairudi nyuma ya kutosha, kile chuma cha triga hakiwahi kuishika, inarudi inagonga tena na tena. Mtungi umejaa na bado? Angalia oringi ya bolti kama imekauka, alafu springi, kisha meno ya kile chuma kama yamelika.

Kitu kingine hamjauliza lakini kinanikosesha usingizi, ni joto. CO2 kwenye nyuzi 21 ina presha kama psi 850 (psi ni kipimo cha presha), ikifika nyuzi 30 inapita 1000, kwa hiyo bunduki mliyoipima asubuhi ikawa salama, saa saba mchana wakati wa kaskazi inapiga kwa nguvu nyingine kabisa. Pimeni tena mchana kwa krono, kile kifaa cha kupima kasi ya kipira, isizidi futi 300 kwa sekunde, mimi naziweka 280. Skrubu ya kando ukiikaza inapunguza kasi. Na mitungi ikae kivulini, isiachwe kwenye buti la gari wala juu ya mchanga.

SWALI: Fundi, niko Shela, Lamu. Vipira vinapasukia ndani ya mtutu, nimebadilisha mtutu lakini wapi.

JIBU: Ndugu yangu mtutu hauna makosa, angalia vipira. Ganda lake ni jelatini, unyevu wa bahari ukilipata linavimba na kulainika. Chukua kimoja ukiviringishe juu ya meza, kikiyumba kama yai hicho kimeshaharibika. Mfuko ukishafunguliwa mimina kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, usiweke friji. Vikiwa vizima na bado vinapasuka, tazama kile kinundu cha mpira kinachozuia kipira kisiteleze mbele, kikilika vinaingia viwili kwa mpigo na bolti inakata kimoja. Na mtutu ukishachafuka rangi pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke safi, ukibakiza rangi hata kidogo kinachofuata nacho kitapasuka.