Kiziwi wa katikati ya uwanja

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba William Hoy, mchezaji wa besiboli ya kulipwa Marekani karne ya 19, alikuwa kiziwi na alicheza uwanja wa nje, yaani sehemu iliyo mbali na mpigaji. Mpira ukipigwa juu na watu wawili wakaukimbilia, kiziwi aliepukaje kugongana na mwenzake? Na ni kweli aliiba beisi 82 msimu mmoja, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mwenzake aupige mpira?

JIBU: Kugongana hutokea kwa sababu wote wawili macho yao yako juu. Hoy alicheza katikati ya uwanja huo wa nje, akawawekea wenzake utaratibu mmoja: akiutaka mpira anapiga kelele, nao wanampisha. Wasiposikia sauti yake, mpira ni wao. Hakuhitaji kusikia chochote. Masikio ya wenzake yalitosha.

Na mkono wake ulikuwa hatari. Tarehe 19 Juni 1889, akiichezea timu ya Washington, aliwatoa wakimbiaji watatu kwenye beisi ya nyumbani, pale mkimbiaji anapopatia timu yake alama, katika mechi moja, kila mara mpira ukitoka kwake hadi kwa mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji, Connie Mack.

Taabu hasa ilikuwa kwenye kupiga. Mwaka 1886, akichezea timu ya Oshkosh, Wisconsin, kila mpira ukipita ilimbidi ageuke kumtazama mwamuzi ajue ni straiki (mrusho mzuri unaohesabiwa dhidi ya mpigaji) au boli (mrusho mbovu unaohesabiwa dhidi ya mrushaji). Warushaji wakagundua: kabla hajasimama sawasawa, mpira mwingine huo! Dawa ikawa kocha aliyesimama karibu na beisi ya tatu: mkono wa kulia juu ni straiki, wa kushoto ni boli. Hoy alipiga kwa upande wa kushoto, na mpigaji wa kushoto kifua chake huelekea upande wa beisi ya tatu, hivyo ishara ilikuwa mbele ya macho yake. Wengi husema ishara za waamuzi wa leo zilianzia kwake, hilo halijathibitishwa.

Beisi 82 ni kweli. Ni za 1888, msimu wake wa kwanza Ligi ya Taifa, moja ya ligi kuu za Marekani wakati ule, na hakuna aliyemzidi humo mwaka huo. Lakini angalia kanuni za wakati ule. Hadi 1897, mkimbiaji aliyetoka beisi ya kwanza akafika ya tatu kwa pigo lililomfikisha mwenzake aliyepiga beisi ya kwanza tu aliweza kuandikiwa wizi kwa hiyo beisi ya ziada. Kuanzia 1898 hesabu hiyo ilifutwa, kwa hiyo 82 zake usiziweke mizani moja na za wachezaji wa leo.