Unaikaribia, Sawa. Lakini Iko Wapi?

Mwaka wa kwanza chuoni nilirudishiwa zoezi likiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Iko wapi?" Nilikuwa nimejaza kurasa mbili kuonyesha kwamba mfuatano wangu unakaribia kipeuo cha pili cha 2. Nikaona mhadhiri ananionea tu. Utakikaribiaje kitu kisichokuwepo?

Shika kalamu ujionee. Anza na 1. Kila hatua gawanya 2 kwa namba uliyonayo, kisha chukua wastani wa hizo mbili. Utapata 3/2, halafu 17/12, halafu 577/408. Sasa zidisha 17/12 kwa yenyewe: 289/144. Ili iwe 2 kamili, juu pangetakiwa 288. Imezidi moja. Njoo kwenye 577/408: juu unapata 332,929, na inayotakiwa ni 332,928. Moja tena! Kila uendako ile moja inakufuata kama deni la Mangi. Namba zenyewe zinazidi kubanana, ila ukibaki kwenye namba za sehemu peke yake, kama hizo 3/2 na 17/12, pale zinapoelekea pana shimo.

Mwanahisabati Mjerumani Richard Dedekind alikerwa na jambo hilihili akifundisha Zürich mwaka 1858. Dawa yake aliichapisha 1872. Namba halisi, yaani zote za kwenye mstari wa namba, hazina mashimo: mfuatano ukibanana namna ile, kikomo chake, namba unayoikaribia, kimo humohumo. Ndiyo maana wadogo zangu mnaoanza hesabu za chuo nawaambia, kabla hamjaandika "ipo", tajeni mko kwenye namba zipi. Mstari mmoja tu. Mimi alama zangu nne zilipotelea hapo.

Ila ukamilifu huo wa kutokuwa na mashimo msiubebe hadi angani. Mwanaastronomia Mfaransa Le Verrier alipoona sayari ya Urano haifuati hesabu, alisema kuna sayari haijaonekana, na usiku wa 23 Septemba 1846 mwanaastronomia Galle akaiona sayari hiyo, Neptuni, kutoka Berlin, karibu kabisa na pale alipoelekezwa. Baadaye sayari ya Zebaki nayo ikakataa kufuata hesabu. Le Verrier yuleyule akatumia ujanja uleule, na sayari ikapewa jina kabisa, Vulcan. Haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein alieleza mwendo wa Zebaki bila kuongeza sayari yoyote. Miongo kadhaa watu walielekeza darubini karibu na Jua, kumbe shimo lilikuwa kwenye kanuni ya mvutano.