Picha za uchi au picha za utupu?

Msomaji kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Nimepewa kazi ya kutafsiri maelezo ya picha za zamani za Ufaransa, za miaka ya 1850, watu wamepigwa bila nguo ili wachoraji wazitumie. Nikaandika picha za uchi, bosi akang'aka eti hayo ni matusi, niweke picha za utupu. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Kisarufi wote mko sawa ila kwenye hili mimi nipo upande wako. Uchi sio tusi, hata kwenye Biblia Adamu na Hawa walikuwa uchi na hakuna mchungaji anayeruka hiyo aya. Utupu nao umetoka kwenye -tupu, ile ile ya chupa tupu, maneno matupu na ugali mtupu usio na mboga, yaani hali ya kukosa kitu. Watu waliukimbilia ili kuficha makali ya uchi, sasa angalia umeishia wapi: ukisikia "picha za utupu" siku hizi unawaza nini kama sio skendo, simu iliyovujisha mambo na mtu kupandishwa kizimbani? Neno la staha limeshachafuka kuliko lile lililokimbiwa.

Na usidhani hao Wafaransa walikuwa na neno safi. Picha zenyewe waliziita académie, jina ambalo wachoraji walikuwa nalo kitambo kwa michoro ya mazoezi ya mwili wa mtu, na lilifanya kazi kama kibali vile, ukisema ni académie basi wewe ni msanii, usiposema polisi wanabisha hodi. Mpiga picha Félix-Jacques Moulin alikula jela mwezi mmoja mwaka 1851 kwa picha zilizoonekana chafu, alipotoka akaendelea kupiga picha za watu uchi lakini sasa kwa jina la académie na kwa adabu zaidi kidogo. Mwenzake Eugène Durieu hakupata shida hiyo, yeye mwaka 1854 alipiga picha akiwa na mchoraji Delacroix mwenyewe pembeni anawapanga mamodo wakae vipi, na Delacroix akawa anachora kwa kuziangalia, maana modo anachoka na anataka hela kila akija, picha haichoki. Uingereza nako mpiga picha Rejlander alipounganisha negativu (zile za kusafishia picha) zaidi ya 30 kuwa picha moja kubwa mwaka 1857, yenye wanawake uchi ndani yake, wapiga picha wa Scotland waliikataa mwanzoni, wakati Malkia Victoria alishanunua nakala ampe mumewe.

Kwa hiyo hakuna neno la kukubebea nia ya mpiga picha, nia iseme yenyewe. Mimi ningeandika "picha za uchi za kisanaa" pale mwanzo mara moja, halafu zile académie niziite "picha za mazoezi ya uchoraji", huko mbele inatosha kusema tu picha. Picha za ngono ni kitu kingine kabisa, usichanganye. Na uchi haubadiliki, mtu uchi, watu uchi, nimeona mtu kaandika "wanawake wauchi" nikafunga ukurasa.

Bosi akikomaa sana na utupu wake mwachie, hela ni yake, ila asije akakwambia uongeze "wa mnyama".