Kwa wanaoanza kufundisha wazazi wa vijana wenye matatizo ya ulaji

Muuguzi au ofisa ustawi wa jamii unayeanza darasa la wazazi hapa Moshi, usiumalize muda kwa kueleza anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) ni nini na bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) ni nini. Mzazi akifika nyumbani anakwenda kupakua chakula cha usiku, na hapo ndipo anapokwama.

Kwanza kijana aonwe na daktari, kwani kukonda kunaweza kuwa kisukari au kifua kikuu. Mwonyeshe mzazi kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, kijana akiwa ametulia. Yakiwa chini ya 50, au kijana akizimia, ni hospitali siku hiyohiyo. Na aliyekaa siku nyingi karibu bila kula asishindiliwe chakula ghafla: madini ya fosfeti na potasiamu hushuka kwenye damu, moyo ukayumba. Wazazi wenye huruma ndio hukosea hapa. Uzito wa kawaida nao usikupumbaze, hasa kwa anayetapika.

Daktari akiruhusu, milo ni 3 na vitafunio 2 au 3, kwa saa zilezile, na mzazi ndiye anayepakua. Sinia la pamoja lipumzike kwa sasa. Humo kijana huchokoachokoa, husogeza matonge upande wa wenzake, na mwishoni hakuna ajuaye kala nini. Mlo uchukue kama dakika 30. Chooni aende kabla. Baada ya kula akae na mtu saa nzima. Mtori unafaa sana: kijiko kikubwa cha mafuta huongeza kama kilokalori 120 na bakuli halijai zaidi. Hesabu hizo zibaki kati yako na mzazi, mezani zisitajwe.

Sasa zoezi lenyewe, ambalo ningelitengea nusu ya kipindi. Wapange wazazi wawiliwawili, mmoja awe kijana mwenye bakuli mbele yake. Atasema ameshiba, atasukuma bakuli, atalia. Mwenzake aseme tu, "Najua ni vigumu. Niko hapa. Chukua kijiko kingine," kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda. Utasikia "Unataka kuniua kwa presha?" au "Maliza nikununulie simu." Simamisha, warudie. Lawama humwongezea kijana aibu, na aibu hufunga koo. Hongo nayo hupanda bei kila mlo.

Baba na mama wakubaliane kiasi kabla ya kukaa mezani. Mama akishikilia na baba akasema "mwache, amejitahidi," mlo umeishia hapo. Bibi naye aambiwe mapema. "Umenenepa, umependeza!" kwetu ni sifa, lakini kwa kijana huyu ni sababu ya kuruka chakula cha usiku.

Uliza pia kuhusu Kwaresima na Ramadhani, maana ugonjwa hujificha vizuri ndani ya funga. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, ila neno hilo huingia zaidi likitoka kwa padri, mchungaji au shehe.

Uzito upimwe mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo, kwa nguo nyepesi, mifuko ikiwa mitupu. Wengine hunywa maji mengi kabla ya kupimwa. Na shule za bweni zikikaribia kufunguliwa, mzazi aulize mapema ni nani atakayekaa na mwanawe mezani. Akijibiwa kwamba ni matroni anayehudumia bweni zima, kijana bado hajafika pa kurudi bwenini.