Smuthi ya kijani: maswali yenu kuhusu majani, uchungu, rangi na blenda

Joto la kaskazi limeshika, na maswali mengi tuliyopokea safari hii yanahusu smuthi ya kijani. Tumechagua yale yanayowagusa wengi. Katika majibu yote kikombe ni mililita 250, kijiko cha chakula ni mililita 15 na kijiko cha chai ni mililita 5.

Swali: Naombeni kipimo cha kuanzia. Leo inatoka nzito kama uji, kesho inatoka maji matupu.

Kwa glasi mbili kubwa, andaa hivi: maji baridi au maji ya dafu mililita 200, majani mabichi gramu 50, yaani konzi mbili zilizojaa bila kushindilia, nusu tango (gramu 100 hivi), nanasi lililoiva, kikombe kimoja cha vipande, ndizi mbivu moja ndogo iliyomenywa, ikakatwa na kugandishwa, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula, tangawizi kipande cha sentimita 2, majani sita hadi manane ya nanaa, na vipande vinne vya barafu.

Vyote visitiwe kwa pamoja. Anza na maji, majani, nanaa na tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba, usage kwa sekunde 40 mpaka usione tena vipande vya jani vikielea. Kisha weka tango na nanasi, sekunde 20. Mwisho ndizi, ndimu na barafu, sekunde 15 tu. Majani yakiingia pamoja na ndizi, uzito wa ndizi huyabeba juu ya visu yakazunguka bila kukatwa, ndiyo maana wengi wanakunywa smuthi yenye majani yanayonasa kwenye meno.

Uzito unatokana na ndizi na parachichi. Wepesi unatokana na tango na maji. Ikizidi uzito ongeza maji vijiko viwili kwa wakati mmoja, usimimine kwa kukisia. Na kama unachotaka ni kinywaji cha kukata kiu, chagua kimoja kati ya ndizi na robo ya parachichi. Ukiweka vyote viwili na mtindi juu yake umepika chakula cha asubuhi, nacho ni kizuri, lakini hakitakuburudisha saa nane mchana. Kinachoburudisha ni baridi, uchachu na wepesi. Chumvi kidogo sana, ile ya kushika kwa ncha za vidole viwili, huamsha ladha ya tango na nanasi bila kuifanya smuthi iwe na chumvi.

Swali: Mapishi mengi yanataja spinachi. Huku kwetu mboga zimejaa: mchicha, sukuma wiki, matembele, kisamvu, mnavu. Je, naweza kutumia yoyote?

Hapana, na hili ndilo swali tunalotamani kila mtu aulize kabla hajawasha blenda. Mboga zetu nyingi zimezoeleka kupikwa, na kwa baadhi yake kupika ndiko kunakozifanya zilike salama.

Kisamvu kibichi kisiingie kwenye blenda kabisa. Majani ya muhogo yana kemikali ambazo jani likipondwa huachia sayanidi, ambayo ni sumu. Kusaga kunaiachia, na kupika kwa muda mrefu bila kufunika ndiko kunakoiondoa. Ukisaga ukanywa hapo hapo, umechukua hatua ya kwanza ukaacha ya pili. Mnavu nao una alkaloidi, kemikali za mmea zinazoweza kuwa sumu, na hupikwa. Uache kwenye sufuria yake. Majani ya kunde na ya maboga yapikwe pia, kwa kuwa mabichi ni magumu, na ya maboga yana vinyweleo vinavyokwaruza koo.

Mchicha una okzaleti nyingi, kemikali ya asili ya mimea, na matembele vilevile. Okzaleti hushikana na madini ya chokaa, na kwa mtu mwenye historia ya mawe ya figo si jambo la kupuuza. Dawa yake ni rahisi: tumbukiza mchicha kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, utoe, uuzamishe kwenye maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa, ukamue, kisha ndipo usage. Maji uliyochemshia yamwage, maana sehemu ya okzaleti inayoyeyuka imebaki humo. Jani lililopita kwenye maji moto namna hii hutoa kijani kilichokolea zaidi, husagika laini hata na blenda dhaifu, na harufu ya ubichi hupungua. Kwa smuthi ya mchicha sisi hatuna njia nyingine tunayoipendekeza.

Spinachi ya masoko yetu, ile yenye jani pana na bua nene jeupe, ina okzaleti nyingi pia, na ina chumvichumvi yake. Tumia majani machanga, kata bua lote, na usiigeuze kuwa ya kila siku. Badilisha na sukuma wiki, ambayo ina okzaleti kidogo. Shida ya sukuma ni ugumu na ladha ya kabichi. Toa uti wa katikati, katakata nyembamba, igandishe usiku mzima ikiwa mbichi. Barafu hupasua chembe za jani, na asubuhi blenda inamalizia kazi iliyokwisha kuanza. Weka gramu 30 badala ya 50.

Kwa anayeanza kabisa, saladi ya majani ndiyo laini na haina uchungu mwingi. Mlonge una nguvu: kijiko kimoja cha chai cha unga wake kinatosha glasi mbili.

Swali: Yangu huwa chungu hata nikiongeza asali. Kosa liko wapi?

Asali haiondoi uchungu, inaufunika kwa dakika mbili. Tafuta unakotoka. Mara nyingi ni tango: onja kipande cha upande wa kikonyo kabla ya kulitumia, na kikiwa kichungu kata sentimita 3 uonje tena. Likiwa chungu lote, litupe. Mara nyingine ni ndimu. Watu huisaga na ngozi yake nyeupe ya ndani au na mbegu, na uchungu wa hivyo huongezeka kadiri kinywaji kinavyokaa. Kamua, chuja mbegu, weka maji yake peke yake.

Inawezekana pia majani yamekomaa, hasa sukuma ya chini ya shina. Punguza majani hadi gramu 25, ongeza nanasi au embe bivu, halafu ongeza majani gramu tano tano kila wiki.

Swali: Kwa nini ya kwangu inakuwa ya kahawia, wakati kwenye picha ni kijani kibichi?

Kama inatoka kahawia papo hapo, umechanganya rangi. Kijani na chekundu huzaa kahawia, kwa hiyo tikiti, stroberi, zambarau na rozela havifai hapa. Karoti na embe lenye rangi ya machungwa iliyoiva sana hufifisha pia. Nanasi, pera jeupe, tango, ndizi na tofaa la kijani havigombani na majani.

Kama inageuka baada ya nusu saa, kuna mambo mawili. Ndizi na tofaa vikikatwa hukutana na hewa, vimeng'enya vyake (protini zinazochochea mabadiliko) vikaanza kuvitia weusi. Ndimu inazuia hilo. Lakini asidi hiyohiyo ya ndimu, ikipewa muda, huondoa madini ya magnesiamu kwenye klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na kijani hugeuka rangi ya zeituni. Kijiko kimoja kinatosha, vitatu vinaharibu. Kusaga muda mrefu navyo huingiza hewa na joto, vyote viwili maadui wa rangi.

Swali: Naosha mboga kwa chumvi au siki. Inatosha kwa kitu kisichopikwa?

Chumvi na siki husaidia kuwatoa wadudu wanaoonekana. Kwa vijidudu vya kuhara visiwe tegemeo lako. Tenganisha majani moja moja, yazamishe kwenye beseni la maji mengi, yainue (usimwage maji juu yake, mchanga utarudi), badilisha maji mpaka chini ya beseni pasibaki chembe. Mara tatu ndiyo kawaida kwa mchicha. Suuza mwisho kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotibiwa kwa klorini.

Barafu ndiyo inayosahaulika. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo, kwa hiyo barafu itokane na maji ya kunywa, si ya bomba moja kwa moja wala ya kununua usikojua ilikotengenezwa. Penye mlipuko wa kipindupindu, acha kabisa majani mabichi. Tumia njia ya maji moto tuliyoieleza.

Na uulize mboga ilikolimwa. Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam linajulikana kwa bustani za mboga kando ya mto unaopokea majitaka ya nyumba na viwanda. Madini mazito yakishaingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Anayekunywa majani mabichi kila siku ana sababu kubwa kuliko wengine ya kupanda yake, hata kwenye ndoo tano kibarazani. Mchicha huvunwa ndani ya wiki nne.

Swali: Blenda yangu ndogo inatoa harufu ya kuungua na visu vinazunguka bila kusaga.

Chini ya visu pana hewa tupu: umeweka vitu vigumu kwanza, maji yako juu. Zima, chomoa kwenye umeme, koroga kwa mwiko, ongeza vijiko vitatu vya maji. Blenda nyingi ndogo za nyumbani hazikutengenezwa kwenda zaidi ya dakika moja mfululizo. Saga sekunde 20, pumzisha 20. Harufu ikishatoka iache ipoe nusu saa, na usiendelee "ili umalize tu". Barafu iponde kwanza ndani ya kitambaa kwa mchi. Jagi lisizidi theluthi mbili.

Swali: Mama yangu ana kisukari, na pia amepewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Anaweza kunywa?

Tuanze na warfarini kwa sababu ndiyo yenye hatari ya haraka zaidi. Majani ya kijani yana vitamini K nyingi, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Tatizo kubwa ni mabadiliko ya ghafla: akianza kunywa glasi kila siku, au akiacha ghafla baada ya kuzoea, kipimo chake cha damu kuganda kitayumba. Asianze kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Akiruhusiwa, kiasi kiwe kilekile kila wiki.

Kwa kisukari, toa ndizi na asali, weka robo ya parachichi, na tunda tamu lisizidi nusu kikombe kwa glasi. Pera ni zuri. Asichuje, maana nyuzinyuzi ndizo zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ahesabu glasi hiyo kama sehemu ya mlo, si nyongeza, kisha apime sukari saa mbili baadaye. Kipimo hicho kitamwambia zaidi ya maelezo yetu. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asinywe bila ruhusa, kwani ndizi, parachichi, dafu na majani vyote vina potasiamu nyingi.

Swali: Je, inaongeza damu?

Ina madini ya chuma, lakini chuma cha majani huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ya ndimu, pera au embe husaidia kuingia. Chai huzuia, kwa hiyo iache chai kwa saa moja kabla na baada. Mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu aendelee navyo. Smuthi haichukui nafasi yake.

Swali: Nikiweka nanasi na maziwa inakuwa chungu na kukatika. Maziwa yameharibika?

Maziwa ni mazima. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na uchungu ndio matokeo yake. Papai bichi lina cha namna hiyo. Tumia embe au ndizi na maziwa. Ukitaka nanasi lazima, lichemshe dakika tano, lipoe, ndipo uchanganye.

Swali: Naweza kuitengeneza usiku nikanywa kazini? Na mtoto wa miezi tisa naye nimpe?

Jaza chupa mpaka mdomoni pasibaki hewa, funga, weka kwenye friji, inywe ndani ya saa 24. Itajitenga, tikisa. Nje ya friji, kwa joto la Pwani, isizidi saa moja. Bora zaidi, pakia majani, nanasi na ndizi kwenye mfuko mmoja na uugandishe. Hudumu miezi miwili, na asubuhi unaongeza maji na ndimu tu.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli. Mboga za umri huo zipikwe na kupondwa.

Swali: Umeme unakatika kila siku kwetu, na wengine hatuna blenda kabisa.

Tumia kinu. Twanga majani machanga ya saladi, au mchicha uliopitishwa kwenye maji moto, pamoja na tangawizi, nanaa na chumvi kidogo. Chumvi hukwaruza jani na kulilainisha upesi. Ongeza maji ya dafu kidogo kidogo mpaka upate rojo, uchuje kwa chujio la chai huku ukikandamiza na kijiko. Ponda parachichi robo kwa uma mpaka lilainike, lichanganye na rojo hilo, utie ndimu. Mimina kwenye chupa pana yenye kifuniko, tikisa kwa nguvu dakika moja. Nyuzinyuzi nyingi zitakuwa zimebaki kwenye chujio. Makapi hayo yatie kwenye unga wa chapati, si ya kutupa.